Tanga la Turubai

Aminieli kashona tanga kwa turubai la kuanikia kahawa;
mlingoti ni mwanzi,
kayaki ya plastiki, rangi ya papai,
kiti kimoja.

Tulicheka. Duluti ni bakuli,
upepo humo huingia kwa kuchungulia.

Saa tano ukaingia, umetoka Meru.
Kasia akalilaza mapajani,
mikono mitupu
kama mgeni aliyekatazwa kuosha vyombo,
na maji yakaanza kusema chini ya makalio yake.

Katikati ya ziwa ukamtupa.
Akapiga kasia kurudi, anacheka kutushinda sisi.

"Tanga la pili litakuwa na dirisha," alisema,
"nione niendako."

Leo nailoni angavu ya meza ya sebuleni haipo.
Mama anamuuliza kila mtu
isipokuwa Aminieli.