Sufi ya Kioo

Darini Nkuhungu, bati linachemka.
Ndahani anatandika sufi ya njano,
laini kwa jicho, ulaini wa uongo:
ni kioo kilichosokotwa kama nywele.

Jana alipanda kifua wazi.
Usiku kucha alijikuna
mithili ya aliyelalia upupu,
na kila ukucha ulizidi kuuzamisha.

Leo Nyemo kamfunga mwenyewe:
mikono ya shati ndani ya glavu,
suruali ndani ya soksi,
shingoni kanga kuukuu, ile ya msibani.
“Jasho litakauka,” kasema. “Kioo hakikauki.”

Jioni, ndoo moja ya maji ya mgao,
baridi. Hajisugui, anamimina tu.
Nguo zimelala nje,
mbali na nepi za Yaledi.

Yaledi anakuja mbio.
Safari hii
hamkwepi.