Ghorofa ya Hamsini na Tatu

Odilon Quesnel alinunua hewa.
Aliinunua mwezi wa Machi, barafu ingali kwenye mifereji,
kwa karani kijana mwenye soksi za rangi ya machungwa.
Akatia sahihi kurasa kumi na tisa,
akaonyeshwa kwa kidole: hapa jiko, hapa dirisha,
hapa mtauona mto unavyopinda.

Miaka thelathini na minne alifunga lifti mjini Montreal.
Nyaya, kapi, milango inayong'ata wenye haraka.
Aliwapandisha mawakili, maua yao, mbwa wao,
na jioni akarudi kwake ghorofa ya pili,
juu ya duka la dobi, sakafu ina joto la pasi za watu.
"Iko siku," alisema Rolande, "tutapanda tusishuke."
Alisema huku akimenya viazi.

Kisha Baraza la Jiji likafungua kitabu chake.
Kanuni ni ya zamani, na ni fupi:
jengo lisiuzidi mlima.
Si mlima wa kutisha huo. Mtoto huukwea na aiskrimu mkononi,
akafika kileleni koni haijaisha.
Lakini ulitangulia, na aliyetangulia ndiye mwenye nyumba.
Wakapima. Mnara umezidi ghorofa kumi na moja.
Wakazikata kwa kalamu, bila vumbi, bila kelele,
na ya Odilon ndiyo ya kwanza kukatwa.

Wawekezaji wakasema kifupi hakilipi, wakafunga mikoba.
Hata ghorofa ya chini haikuzaliwa.
Likabaki shimo lililozungushiwa mabati,
maji ya theluji yameingia,
bata wawili wamehamia bila mkataba.

Arubuni ikarudi kwa posta, imepungua ada ya karatasi.
Bahasha ilikuwa na majina mawili.
Akaifungua peke yake.

Rolande wamemlaza ubavuni mwa mlima uleule,
wanakozika watu tangu enzi za farasi.
Amepanda, hajashuka.

Oktoba, Odilon akaufuata mlima.
Magoti yalilia kama milango aliyokuwa akiitia grisi.
Alihesabu ngazi, kila kumi na nane ghorofa moja;
tabia ya kazi haistaafu.
Kileleni akapima kwa jicho: bado mita moja na kidogo.
Akapanda juu ya benchi, na kofia yake.
Watalii wakampisha.

Ng'ambo, juu ya lile shimo, palikuwa jiko.
Shakwe akakatiza penye friji bila kubisha hodi.
Jua la saa kumi limejaa hadi sebuleni.

Odilon akanyoosha kidole gumba,
akaibonyeza hewa,
akangoja kadiri lifti nzuri inavyongojesha,
sekunde ishirini na tano, si zaidi.

Kisha akateremka kwenye benchi
akapitia kwa Rolande, kumpa habari za dirishani:
mto unapinda kweli.
Karani hakudanganya.