Ardhi Mbili

Theluji imeziba dirisha la karakana, Gabrovo,
na Zdravka ameipasua amplifaya ya Penko
kama apasuaye samaki: taratibu, tumbo juu.

Shida: inavuma.
Hata klarineti ikinyamaza, inavuma,
mvumo mmoja mnene
kama nyuki aliyesahauliwa mtungini.
"Harusi Jumamosi," Penko alisema,
akaacha rakia mezani, akaenda.

Amebadilisha kapasita mbili kubwa.
Inavuma.
Amechora sakiti nyuma ya risiti ya mkate,
akapiga hesabu, volti na omu na mkondo,
hesabu ikaridhika,
sikio likakataa.

Saa tano usiku anaweka penseli,
anafuata waya wa ardhi kwa kidole,
kutoka jeki hadi chasisi,
kutoka chasisi hadi...
ngoja.
Waya mwingine, mweusi, umejibanza chini ya transfoma,
nao unakwenda ardhini kwa njia yake.

Ardhi mbili!
Na kati yake pete, na ndani ya pete
umeme wa mji mzima unazunguka
mara hamsini kwa sekunde, hauna pa kutua.
Kwetu tungesema: mshika mbili.

Anaukata ule mweusi. Tik.

Kimya.
Anasikia theluji ikiporomoka paani.

Nani aliuchomelea huu?
Anausogeza kwenye taa:
kitone cha lehemu, kinang'aa, kina mkia kushoto.
Mkia ule anaujua.
Ni wake, wa miaka tisa iliyopita,
alipokuwa na haraka na hakuuliza mtu.

Penko hataambiwa.
Wala hatalipa.
Rakia, hiyo, itabaki.