Kitufe cha Tatu

Kitabu nilikinunua Kariakoo, juu ya turubai,
kati ya kamusi isiyo na jalada na mitindo ya magauni.
Muuzaji alitaka elfu saba. Nikampa nne na mia tano.
Akakipangusa kwa kiwiko kabla ya kuniachia.

Ukurasa wa kwanza una jina: Nestory.
Penseli yake inatangulia mbele yangu,
inapiga mstari chini ya "usiogope",
inaandika pembeni "sawa", "sawa", "mbona?",
halafu ukurasa wa sitini na moja
inanyamaza.
Hapo ndipo mabano yanapoanza kuzaana.

Mimi ni mlinzi, ghala la mabati, Vingunguti,
zamu ya usiku. Kompyuta ni ya kuazima,
betri ilishakufa, inaishi kwa waya tu;
umeme ukikatika nayo inazimia
na chochote nilichosahau kukihifadhi
kinakwenda na giza.

Kwanza nilijifunza kigeu.
Ni kisanduku, kinasema kitabu, kina jina, kina kitu ndani,
kitu hubadilika, jina hubaki.
Hilo lilinikaa upesi: miaka kumi na mmoja Dar,
vyumba vinne vya kupanga,
Hamadi yuleyule.

Kisha *kama* na *la sivyo*.
Hapo sikuhitaji kitabu.
Kama mshahara umeingia, wali;
la sivyo, muhogo,
na la sivyo ya la sivyo ni kulala mapema.

Lakini nukta mkato!
Saa nane usiku skrini nzima nyekundu,
makosa kumi na saba,
nikaona Nestory alikuwa na akili kuacha.
Kumbe ni moja tu, mstari wa tisa,
ndogo kama yai la chawa.
Nikaiweka. Yote kumi na saba yakatawanyika
kama kijiwe kilichoona gari la polisi.
Nikachukua penseli, nikaandika chini ya kimya chake:
*Ndugu, tazama mstari wa tisa.*

Natengeneza daftari la madeni la shangazi Siwema,
anayechoma vitumbua Buguruni Malapa kabla hakujakucha.
Daftari lake limelowa mafuta
hata deni la jana linasomeka kupitia la leo.
Fundi Pazi, sita. Mwinshehe, kumi na chai.
Yule wa kofia, mia nane.

Miezi mitano. Jumapili nikamwekea kwenye simu yake:
kitufe cha kuongeza, kitufe cha amelipa,
jumla chini kwa tarakimu nene.
Akafuta vidole kwenye kanga, akagusa
kama anayejaribu pasi iwapo imepata moto.
Elfu sitini na mbili, mia nne.
Hakutabasamu.

"Mwinshehe kafiwa na mtoto mwezi wa nne.
Nilishamwachia. Nabonyeza wapi?"
"Bonyeza amelipa."
"Hajalipa. Nimemwachia mimi. Si kitu kimoja."

Nikarudi kitabuni, nikafungua faharasa.
Safu. Sharti. Skrini.
Kati ya safu na sharti, ambapo samehe ingekaa,
pana weupe wa karatasi.

Zamu tatu zilipita. Rangi ndiyo ilinishinda:
kijani ni cha waliolipa,
chekundu kingemtia mtu aibu.
Nikakiacha cheupe.
Ukikibonyeza, deni linatoka kwenye jumla,
jina linabaki,
mbele yake hapana kitu.

Jana alikijaribu kwa Mwinshehe, akanyamaza kidogo.
Kisha akashuka, akashuka,
akafika kwenye jina langu,
nililolinakili kwa mkono wangu kutoka daftarini:
vitumbua vya miezi mitano ya zamu.
Kidole kikasimama juu ya cheupe.
Nami nikasimama.

"Wewe una mshahara," akasema,
akageuza vitumbua.