Nyumba ya Majaribio, Moshi

Uani kwa marehemu Ndekirwa, hapa Shantitauni,
pale walipokata mijakaranda miwili,
wamesimamisha nyumba ya mianzi na udongo:
milango minne, ngazi moja,
choo kisicho na harufu.
Ya majaribio, wanasema.
Mwaka mmoja tu.

Nami nilitia saini kuipinga.
Ukuta wangu, kivuli changu, thamani ya kiwanja.

Juzi mvua ilipiga usiku kucha.
Bati langu likavuja palepale pa siku zote,
juu ya kabati la vyombo.
Asubuhi Aikande, mpangaji wa juu, nesi wa zamu,
akaninyooshea sufuria juu ya michongoma:
"Kingia hii, mama. Kwetu halijadondoka hata tone."

Sufuria sijairudisha.
Wala saini sijaifuta.
Majaribio yanaisha Ijumaa.