Vidato Kumi na Vinne

Tumefunga gati saa kumi na mbili asubuhi.
Kwenye ubao wa zamu jina langu, Kondo,
liko kwa wanaobaki: moto ukizuka,
melini lazima wawemo watu wa kuuzima.
Siku ya zamu mimi ni baharia.
Siku nyingine ni mtu wa chupa,
sita hewani, moja kidevuni.

Nimewekwa mlangoni, juu ya ngazi,
niwanyunyizie abiria dawa ya mikono.
Bibi mmoja mwenye mkongojo ananiuliza
mji huu una nini cha kutazama.
Nasema: soko la samaki, makumbusho, vinyago vya Mwenge.
Sisemi: Mbagala Rangi Tatu,
nyumba ya pili nyuma ya mashine ya kusaga,
mama, na kidonda cha mguu kisichofunga.
Sisemi matairi ya lori tuliyoyafukia nusu,
tukayarukia hadi adhana ya magharibi.
Chuo changu ni kile,
mpira uliokwisha kashata.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji yuko hapa na kopo la dawa.

Miezi saba sijakanyaga kwetu,
na leo kwetu ni vidato kumi na vinne.
Nimevihesabu kushuka,
nikavihesabu kupanda, pengine vimepungua.
Chini, kuli mmoja amechuchumaa kivulini,
anakula muhogo wa kukaanga juu ya gazeti,
pilipili imeloa hadi kwenye matangazo ya vifo.
Nikamwita: "Kaka, huo wa bei gani?"
Akainua macho, akaona lubega nyekundu
ninayovalishwa kwa mkataba, kifungu cha tisa,
mimi Mndengereko ninayeogopa ng'ombe.
Akacheka na mdomo umejaa:
"Laigwanani! Shuka ule!"

Shuka. Neno moja, nguo na njia.
Mimi nilikuwa na nguo.

Saa kumi na nusu tunang'oa.
Ujumbe wa dada yangu, Sikudhani:
*Niko ndani ya pantoni, Magogoni. Mmetufungia njia.
Watu wanawatukana.*
Naijua hiyo pantoni.
Nimesimama humo nina miaka minane,
kati ya baiskeli na matenga ya kuku,
tukiingojea meli ndefu ipite kwenye ule mkondo mwembamba
kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Mjomba Mwinshehe alikuwa akitema mate majini:
"Zina nini humo, hata watu wazima wazisubiri?"
Leo jibu ninalo, Mjomba, nawe umeshazikwa.
Zina mimi.

Ghorofa ya kumi na moja, kando ya bwawa,
ngoma ya kwenye kompyuta inapigwa,
abiria wamerudi na vinyago vilivyofungwa magazeti.
Narusha ya kwanza, ya pili, ya tano.
Mrusha chupa hatazami mkono wake, hatazami mtu,
anatazama pale juu
chupa inapochoka kupanda.
Ndiyo kanuni. Nimeishika miaka miwili,
kwenye mawimbi, kwenye homa,
usiku ule walioniambia baba hayupo.

Honi ikalia. Nikatazama chini.

Pantoni ilikuwa ndogo kama sahani ya chai,
imejaa vichwa, na mkono mmoja,
au kanga, au mfuko wa plastiki, sijui,
unapepea.
Chupa ya nne ikaanguka, ikadunda,
ikabingirika hadi miguuni kwa bibi wa mkongojo.
Wakapiga makofi. Walidhani ndivyo ilivyopangwa.
Bibi akainama kwa shida, akaniokotea,
akanikabidhi kwa mikono miwili,
kama mtu wa kwetu.

Usiku, kabla minara haijatuacha,
picha ikaingia: ukuta mweupe wa meli,
na juu kabisa tone jekundu.
*Huyu ni wewe,* ameandika, *au boya?*

Nikaikuza hadi ikavunjika vipande.
Nikaandika: *Boya.*
Nikafuta. Nikaandika: *Mama amekula?*
Ikabaki na tiki moja
hadi bandari nyingine.