Nzuri, Ila

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Mabatini, Igogo, kote kule juu
ambako nyumba zimeng'ang'ania mawe kama kupe,
nafuta kioo kwa kidole, naandika tarakimu.
Mbwa wa watu wananijua kwa harufu.

Mwaka juzi tarakimu zilianza kunikimbia.
Siyo macho. Nilisimama mbele ya mita ya Mama Shija,
nikaisoma namba, nikaisoma tena,
na mkono haukuona sababu ya kuandika.
Nilikaa juu ya jiwe lake mpaka jua likazama.
Aliniletea uji. Hata kikombe kilinielemea.

Nyumbani Holo alipika sato.
Nikamtazama yule samaki, naye akanitazama,
hakuna aliyemla mwenzake.

Kaka alisema ni madeni.
Mama alipiga simu toka Ukerewe: "Umemkosea nani?"
Akatuma chupa ya mizizi, ikachachia kabatini.
Mwanaume mzima, walisema,
nami nikajiuliza huo uzima wanauona wapi.

Bugando ulikuwa mlima kabla ya kuwa hospitali.
Niliupanda siku ya Alhamisi, kwa miguu,
nikiomba njia nzima niwakute wamefunga.
Hawakufunga. Bi. Nyanzala, mshauri,
alikuwa na feni mbovu na viti viwili visivyofanana.
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri."
"Za kazi?"
"Nzuri, mama."
Akanyamaza. Feni ikasema ilichokuwa nacho.
"Sisi," akasema, "hata msibani mtu hujibu nzuri.
Ni adabu, siikatai.
Lakini baada ya nzuri tuna kaneno kadogo.
Siku ukiwa nako, ukalete."

Alhamisi nne nilienda mikono mitupu.
Ya tano nikamweleza habari za mita, kupoteza muda tu:
mwenye nyumba akilalamikia bili
namwambia afunge bomba zote, hata la chooni,
kisha tuchungulie wote kile kigurudumu chekundu.
Kikizunguka, kuna mahali maji yanapotea
chini ya sakafu, usiku na mchana, na hakuna anayesikia.
Akauliza polepole, kama anayevusha mtoto barabara:
"Na wewe, ukifunga zote?"

Nzuri, nilisema.
Ila.

Ila silali. Ila siku tuliyomzika baba
nilikuwa nachota maji ya wageni, ndoo baada ya ndoo,
watu wakanisifu, na ile ya mwisho
sijaitua mpaka leo.
Ila kuna asubuhi nimetamani kusiwe na asubuhi.
Hilo la mwisho nililiambia feni.
Bi. Nyanzala hakushtuka. Akasogeza kiti,
akauliza maswali, akataka majibu yake yote.

Akanipa daftari: kila jioni nijisome,
tarakimu moja, mpaka kumi.
Moja. Moja. Mbili. Moja.
Wiki mbili bila kitu, nilikataa kuandika.
Tatu. Kisha siku moja nne,
kwa sababu Holo alicheka jikoni
na nilisikia.

Leo ni Jumanne, nipo Mabatini.
Kule chini magugu maji yamefunga nusu ya ghuba;
upepo ukigeuka yatasogea, na ukigeuka tena yatarudi.
Hakuna aliyeniahidi vinginevyo.
Mama Shija anatoka, kanga begani.
"Habari za siku nyingi?"
"Nzuri," nasema, "ila leo nimeamka saa tisa za usiku,
usingizi haukurudi."
Anafikiri kidogo.
"Hata mimi," anasema. "Tangu mzee aondoke."

Tunasimama hapo, mita katikati yetu.
Inazunguka taratibu.
Kuna mtu ndani anaosha vyombo.